Mama Vifungo na Bahasha Saba

Shangazi yangu hamwamini mtu. Simsengenyi, ukimwuliza mwenyewe atakubali, halafu atataka kujua kwa nini umeuliza. Ni dobi. Kwa miaka ishirini na sita amefua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba kimoja chenye mlango unaotazama barabara, na mtaa mzima unamwita Mama Vifungo kwa sababu ya anachowafanyia wateja mlangoni. Hapokei shati mpaka alitandaze mezani, ahesabu vifungo kwa kidole mbele ya mwenyewe, na aandike kwenye daftari: shati moja jeupe, vifungo saba, cha nne kimelegea. Kisha analigeuza daftari na kumpa mteja kalamu. "Saini hapa." Wapo waliokasirika wakahamia kwa madobi wengine. Wengi walirudi, maana kwa Shangazi hakuna kilichowahi kupotea.

Kifungo kilicholegea hakigusi. Nilipokuwa mdogo niliona ni roho mbaya tu. Sindano ipo, uzi upo, mkono upo, inakuwaje umrudishie mtu shati na kifungo kinaning'inia? "Si changu," alikuwa akinijibu. "Ukishika kisicho chako bila kuagizwa, kesho mwenyewe atakuja kusema hata kile cha pili umekitoa wewe."

Nyuma ya mashine kuna rafu ndefu tunayoiita rafu ya wasahaulifu. Huko hukaa nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, kila moja imefungwa kwa uzi mwekundu pamoja na kikaratasi cha tarehe. Juu yake kuna kibao alichokiandika kwa mkono wake: NGUO IKIPITISHA MIEZI SITA NI MALI YA DUKA. Siku miezi sita inapotimia anaishusha, anakata uzi, na hapo ndipo anaposhona vifungo. Kabla ya siku hiyo hata umlilie hashoni.

Mimi nimekaa kwake tangu nilipokuwa na miaka tisa. Baba yangu ni mdogo wake wa kufuatana. Alinileta pale akaenda kutafuta maisha, na maisha yalimpeleka mbali kweli, kwa sababu nilimwona tena mara moja tu, miaka mitatu iliyopita. Alikuja na koti jipya, akaniletea viatu vilivyonibana, akalala siku mbili. Asubuhi ya kuondoka alinivuta pembeni ya mlango, akaninong'oneza, "Siku moja muulize shangazi yako hela zangu ziko wapi." Akanipigapiga begani na kuondoka zake.

Maneno yale yaliniingia. Sikumwuliza mtu kitu, lakini tangu siku ile na mimi nikaanza kuhesabu. Nilihesabu hela zilizoingia kwenye droo na zilizotoka. Nilitazama Shangazi anaweka nini wapi, anakwenda wapi Jumamosi mchana, kwa nini anakula kidogo wakati kazi ni nyingi. Tukawa wawili katika chumba kimoja, kila mmoja anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni, huku tunakunja mashuka ya nyumba ya wageni, yeye pembe mbili na mimi pembe mbili.

Halafu bahasha zikaanza kuja.

Alizileta tarishi wa kampuni ya mikopo, mzee mmoja mpole mwenye baiskeli na kitabu cha kusainisha. Siku ya kwanza alimnyooshea Shangazi bahasha na kalamu. Shangazi alirudisha mikono nyuma kama mtu aliyeonyeshwa pasi ya moto.

"Sipokei."

"Mama, mimi natumwa tu."

"Najua unatumwa. Rudi uwaambie sijapokea. Na kitabu chako sisaini."

Mzee akasimama pale, akakuna kichwa, mwisho akaisukuma bahasha chini ya mlango na kupanda baiskeli yake. Mimi nilidhani ataichana. Wapi! Aliiokota kwa ncha za vidole, akaifunga kwa uzi mwekundu, akaandika kwenye kikaratasi: bahasha moja, haijafunguliwa, imeachwa mlangoni, na tarehe. Akaipandisha kwenye rafu ya wasahaulifu, katikati ya suruali ya mwalimu fulani na shuka la mtoto.

Kila mwezi ikaja nyingine, na kila mwezi ikapanda rafuni. Nikimwuliza deni ni la nini, ananiambia nikaangalie maji jikoni yasichemke yakamwagika. Nikasema moyoni, haya, ndizo hela za baba hizo. Amezila, sasa zimemkaa kooni.

Bahasha ya saba ilikuja Jumanne mchana, na safari hii tarishi hakushuka kwenye baiskeli kimyakimya. "Mama," alisema, "hii ndiyo ya mwisho. Jumatatu linakuja gari. Wanachukua mashine."

Mashine ni ile ya pasi ya mvuke, kubwa, ya kubana, yenye ubao mrefu na kanyagio la mguu. Shangazi aliinunua ikiwa imeshatumika, akailipia miaka minne. Nusu ya kazi yetu ni mashuka ya nyumba ya wageni na makoti ya zahanati, na hayo huwezi kuyamaliza kwa pasi ya mkono hata ungekuwa na mikono minane. Bila mashine ile hakuna duka, na bila duka hatuna hata kodi ya chumba tunacholala.

Shangazi aliifunga bahasha ya saba kwa uzi, akaandika kikaratasi chake, akabeba furushi la zahanati na kutoka. Nilimwona mgongo. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

Nikabaki peke yangu na ile rafu. Sitajitetea. Nilichotaka si kumsaidia, nilitaka kumkamata. Nilitaka karatasi yenye maandishi, niiweke mezani mbele yake, nimwulize swali alilonipa baba. Nilikuwa nimekusudia kufungua ile mpya, lakini ya nne gundi yake ilikuwa imeanza kuachia kwa mvuke wa kila siku, ikanirahisishia kazi. Niliisogeza kwenye mvuke dakika moja tu na ikafunguka yenyewe. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro.

Mstari wa kwanza ulikuwa na jina la baba yangu, majina yake yote matatu. Mkopaji. Mstari wa pili ulikuwa na jina la Shangazi. Mdhamini. Tarehe ya mkopo ilikuwa ya asubuhi ile ile aliyoninong'oneza pale mlangoni.

Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa juu ya furushi la nguo chafu nikaisoma tena. Alikopa laki sita. Hakurudisha hata senti. Dhamana ilikuwa mashine ya dada yake. Nilimkasirikia baba, halafu nikajikasirikia mimi, kwa kila Jumamosi niliyomhesabia yule mama hela zake kwa siri.

Chini ya barua ile kulikuwa na jambo jingine. Wakati inaandikwa, deni lilikuwa limepanda hadi laki kumi. Kampuni ilisema, endapo mdhamini atalipa nusu yake, yaani laki tano, kwa mkupuo mmoja, ndani ya siku thelathini tangu kuipokea barua hii, kiasi kilichobaki kitafutwa na hati ya mashine itarudishwa. Ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Miezi mitatu ukombozi wetu ulikuwa umelala kati ya suruali ya mwalimu na shuka la mtoto!

Nikaogopa. Nikapaka wanga wa kola kwenye ukingo wa bahasha, nikaubana, nikaufunga ule uzi mwekundu na kuirudisha mahali pake. Shangazi aliporudi nilikuwa nakunja mashuka, na nilikunja vibaya. Alinitazama kwa muda mrefu kidogo.

Alhamisi asubuhi alivaa gauni lake la kijivu, akazishusha bahasha zote saba akazitia kwenye mkoba. "Vaa viatu," aliniambia. "Tunakwenda kwa hao watu. Nataka masikio manne."

Njiani alinishika mkono kwa nguvu. "Nina laki tano na elfu sitini. Nimezinyoosha zote kwa pasi, hakuna bandia. Ukiulizwa, hatuna kitu. Ukipewa kalamu, mikono yako inauma."

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae. Viti vitano vilivyounganishwa, feni moja inayozunguka kwa kulalamika, picha ya mwanamke anayecheka ameshika noti. Afisa wa mikopo alikuwa kijana wa tai, mwenye sauti laini. Alituita mama yangu na dada yangu, akatuwekea maji kwenye glasi.

"Sina kiu," alisema Shangazi. Kisha akaninong'oneza, "Usinywe. Yataingizwa kwenye riba."

Kijana alifungua faili, akasikitika. Deni sasa limefika laki kumi na nne. Yeye binafsi linamuumiza. Angependa kusaidia. Alitazama mlango, akainama mbele. "Mama yangu, kwa kuwa ni wewe, nitakupigania. Lete laki kumi. Leo, taslimu, hapa mkononi kwangu. Jumatatu gari haliji."

"Na risiti?"

"Risiti utaifuata wiki ijayo. Mfumo una matatizo kidogo."

Shangazi hakuitazama faili. Alikuwa anatazama shati la kijana. Namjua, alikuwa anahesabu. Baadaye aliniambia kwamba kifungo cha tatu hakikufanana na wenzake na kola ilikuwa imegeuzwa kuficha ilipochakaa, na kwamba mtu mwenye shida zake akikuambia umpe hela mkononi, ufunge mkoba. Lakini pale mezani alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Laki kumi sina, mwanangu. Hakuna njia nyingine? Kampuni haijawahi kumpunguzia mtu zaidi ya hapo?"

"Haijawahi, mama yangu. Tangu niajiriwe."

Aliisema bila kupepesa. Nilijua nikifungua mdomo Shangazi atajua nimefanya nini na nimesoma jina la nani. Nikinyamaza, Jumatatu linakuja gari. Nilimtazama akiwa ameshika mkoba kwa mikono yote miwili, vidole vimebabuka kwa sabuni, nikasema, "Imewahi. Mlimwandikia yeye mwenyewe. Laki tano, siku thelathini. Iko kwenye bahasha ya nne."

Shangazi hakugeuka. Hata kope hazikucheza.

Kijana alikohoa. "Ah, ile! Ile ilishakwisha muda wake, dada yangu. Miezi mitatu sasa."

"Ilianza lini hata ikaisha?" aliuliza Shangazi. Akafungua mkoba, akazitoa bahasha, akazipanga mezani moja moja, kila moja na uzi wake na kikaratasi chake. "Hizi ni mali yenu. Mliziacha mlangoni kwangu, nikazitunza. Hesabu. Ni saba. Sikupokea hata moja. Kwangu mzigo umepokelewa ukishahesabiwa na kusainiwa. Ukiachwa mlangoni bado ni wa aliyeuacha. Mwite mzee wa baiskeli aje na kitabu chake."

Sauti yake ilikuwa imepanda, na mlango wa ndani ukafunguka. Akatoka meneja, mwanamke wa makamo mwenye miwani kwenye kamba, akauliza kuna nini. Kijana akaanza kueleza haraka haraka kwamba mteja huyu ni mgumu. Shangazi alimwacha amalize.

"Mama meneja," alisema kwa upole uliozidi, "labda mimi nimezeeka nasikia vibaya. Kijana wako kaniambia nimpe laki kumi mkononi, risiti wiki ijayo. Nimesikia vibaya?"

Feni iliendelea kulalamika. Meneja alivua miwani, akamtazama kijana wake vile vile Shangazi anavyolitazama shati lililoletwa bila vifungo. Mpaka leo sijui kama yule kijana alikuwa mwizi au alikuwa na papara tu. Nadhani hata meneja hakujua, na ndiyo maana alivuta kiti akakaa.

Tarishi aliitwa, akaja na kitabu. Mistari saba, na kwenye nafasi ya saini, saba tupu. Alikuwa ameandika kwa mkono wake mzuri: imeachwa mlangoni.

"Niliripoti," alisema mzee. "Kila mwezi niliripoti."

Meneja akazigeuza bahasha. Sita zilikuwa zimebana kama zilivyotoka pale ofisini. Ya nne ilikuwa na wanga ukingoni, umekauka mweupe. Akaifungua, akaisoma, akanyanyua macho. "Na hii imefunguliwa lini?"

"Jumanne," nilisema. "Saa tisa kasoro. Nimeifungua mimi. Yeye hakujua."

"Kwa hiyo imepokelewa Jumanne," alisema Shangazi, bado hanitazami. "Andika hapo. Leo siku ya pili."

Meneja alicheka kidogo, cheko la puani la mtu asiyependa kucheka kazini. Akajaribu laki saba. Shangazi akaanza kuzirudisha bahasha kwenye mkoba. Akajaribu laki sita, mtaji ule waliotoa. Shangazi akasimama, akaniambia beba mkoba, hawa wakalitume gari lao, na sisi tutampelekea hakimu hizi bahasha na hiki kitabu. Tulikuwa tumefika mlangoni meneja aliposema, "Haya. Ilivyoandikwa."

Hapo mngedhani tumemaliza. Thubutu! Alikaa saa nzima zaidi. Alitaka barua kwanza, hela baadaye. Alitaka barua iwe na namba ya mkopo, na iseme deni limekwisha na hakuna kitakachodaiwa kwake wala kwa mtu wa nyumbani kwake. Alitaka muhuri, na muhuri ulipofifia akataka upigwe tena. Alitaka hati ya mashine ikae mezani aione. Ndipo alipozitoa noti, zimenyooka kama kola, akazihesabu mara mbili na kumfanya meneja azihesabu mara ya tatu. Mwisho akatoa daftari lake la dukani, akaandika: deni moja, limelipwa, hakuna kilichobaki. Akaligeuza. "Saini hapa."

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa nangoja anitukane. Tulipofungua duka alivua viatu, akakaa kwenye kigoda, akazitazama nyayo zake.

"Nilijua tangu Jumanne," alisema. "Mimi nafunga fundo linaloangalia kushoto. Lako liliangalia kulia."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka nione kama utasema wewe."

Nikapiga moyo konde. "Na wewe kwa nini hukuniambia kuwa ni baba?"

Alisuguasugua kidole kilichobabuka. "Aliniambia ni mtaji wa kuja kukuchukua. Alisema mkae pamoja, upate chumba chako. Nilimjua ni mwongo, ni mdogo wangu, nimemlea. Nikasaini." Akavuta pumzi. "Nilijua kila karatasi yao inaanza na jina lake. Basi zikae zimefungwa. Ulikuwa na baba mmoja tu."

Nililia, na kwa hasira nikamwambia kila kitu: alichoninong'oneza baba, Jumamosi zangu, droo, yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akapanda kwenye kigoda, akashusha kutoka juu kabisa ya kabati daftari moja kuukuu lenye jalada lililoliwa na wadudu. Akalifungua bila kutafuta, kama mtu anayejua ukurasa, akaniwekea mapajani.

Ilikuwa orodha kama orodha zote. Suruali mbili za kaki. Shuka moja. Halafu, kwa mwandiko wake ule ule uliosimama: sweta moja ya bluu, vifungo vitano, cha pili kimelegea. Mtoto mmoja. Kuchukuliwa Ijumaa. Pembeni kulikuwa na saini ya baba, ya haraka, yenye mkia mrefu. Nafasi ya mwisho, ya tarehe ya kuchukuliwa, ilikuwa tupu.

Nilisoma mstari ule mara nyingi. Sweta ile naikumbuka. Nakumbuka kifungo chake kikining'inia kipindi kirefu, mpaka wenzangu shuleni wakanicheka, na mimi nikamchukia yule mama mwenye sindano na uzi asiyetaka kukishona.

"Nilikuwa nakihesabu kila asubuhi," alisema Shangazi. Alikuwa amenipa mgongo, anawasha mashine, na mvuke ulikuwa umeanza kupanda. "Miezi sita ilitimia siku ya Jumapili. Niliamka mapema, wewe umelala, nikakishona."